Jivu la volkano sio mbolea ya papo hapo

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu kila mara, eti jivu la volkano ukilimwaga shambani leo, msimu huu huu unavuna maradufu. Jamani sio hivyo. Hilo sio jivu kama la kuni, ni mawe na kioo vilivyosagika vumbi, virutubisho vimefungiwa humo ndani na vinatoka pale maji ya mvua yanapokula kile kioo taratibu mpaka kinageuka udongo, na ule udongo mzuri wa Kilimanjaro na Meru umechukua maelfu ya miaka. Na jivu bichi linaweza kubeba asidi na floraidi, mifugo ikila majani yaliyofunikwa inaumia.

Kupima rahisi, tia kidogo kwenye glasi ya maji ukoroge, litatuama chini kama mchanga, haliyeyuki.

Nadhani watu wanachanganywa na Ol Doinyo Lengai, ile volkano ya kaskazini mwa Tanzania, wanaona inabadilika haraka, maana lava yake nyeusi inageuka nyeupe ndani ya siku chache ikipata unyevu, lakini ile ni ya kabonati, yaani chumvi aina ya magadi, volkano nyingine haziko hivyo. Meseji ikikufikia tena usiifowadi tafadhali, kuna mtu ana ng'ombe wawili tu na atakuamini.