Je, wajua kwamba kuzama kwa jua kunaweza kufichua ubaguzi wa rangi barabarani?

Mjadala wa polisi na rangi ya mtu nchini Marekani ulifika Mbeya na Iringa kwa kishindo mwaka 2020, baada ya George Floyd kufia chini ya goti la askari mjini Minneapolis tarehe 25 Mei, na tangu hapo haujaisha. Husikika katika vipindi vya asubuhi vya redio zetu na katika vijiwe vya kahawa pale Mwanjelwa, na kila unapozuka kuna mtu hutoa takwimu ya aina moja: watu weusi ni sehemu ndogo ya wakazi wa mji fulani lakini ni sehemu kubwa ya wanaosimamishwa na polisi, kwa hiyo polisi wa mji ule ni wabaguzi. Mwenzake hujibu kwamba huenda weusi ndio wanaovunja sheria zaidi. Mabishano huishia hapo, kila mmoja akiamini ameshinda. Ukweli ni kwamba takwimu ile haimpi ushindi yeyote kati yao, na njia iliyobuniwa na watafiti ili kuwatoa watu kwenye mkwamo huo inategemea kitu ambacho hakuna askari anayeweza kukipangia ratiba, nacho ni machweo.

Kosa la takwimu ile ni kulinganisha waliosimamishwa na wakazi. Anayesimamishwa barabarani amesimamishwa kwa kuwa alikuwa anaendesha, na wanaoendesha si picha ya wanaoishi mahali pale. Tuchukue barabara kuu ya TANZAM, kipande cha kutoka Igurusi hadi Uyole. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.3 katika Mkoa wa Mbeya, lakini wengi wao hawaendeshi chombo chochote, na sehemu kubwa ya magari yanayopita pale ni malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo, mabasi ya Dar es Salaam, na magari ya watu wa Makambako na Njombe waliokuja kwa shughuli zao. Trafiki akijibanza na tochi ya kupimia mwendo mbele ya kibao cha 50, atakaowasimamisha hawatoki katika orodha ya sensa. Wanatoka miongoni mwa waliopita saa ile, mahali pale, kwa mwendo ule. Tukisikia kwamba wengi wa waliopigwa tochi walikuwa madereva wa malori, bado hatujajua lolote kuhusu askari wala kuhusu madereva, mpaka tujue malori yalikuwa sehemu gani ya vyombo vyote vilivyopita na ni yapi yaliyozidisha mwendo.

Jibu la mwenzake, kwamba huenda weusi ndio wanaovunja sheria zaidi, nalo lina kasoro ileile, ila imegeuzwa upande. Kamanda wa polisi wa mkoa anapokutana na waandishi wa habari na kutaja idadi ya bodaboda zilizokamatwa wiki hiyo, redio hutangaza, na msikilizaji hubaki na imani kwamba vijana wa bodaboda ndio vinara wa kuvunja sheria. Lakini idadi ya waliokamatwa huzaliwa na mambo mawili kwa pamoja: wangapi walikosea, na askari walikuwa wanatazama wapi. Kikosi kikiweka operesheni ya kofia ngumu pale Kabwe kwa siku kadhaa, idadi ya bodaboda itapanda hata kama hakuna kijana aliyeongeza kosa hata moja, na idadi hiyo iliyopanda inaweza kesho kutajwa kuwa sababu ya kurudisha operesheni mahali palepale. Zaidi ya hapo, orodha ya faini haimtaji dereva aliyesimamishwa, akakaguliwa, akahojiwa, kisha akaambiwa aende. Kwa mtu anayelalamika kuonewa, huyo ndiye shahidi muhimu kuliko wote, naye hayumo kwenye kitabu. Nalisisitiza hili kwa sababu vyombo vya habari vya mikoani vinazichukua namba hizi kama zilivyo, na mwananchi asiye na namba nyingine hana pa kusimama anapotaka kubisha.

Njia ya moja kwa moja ni kuwahesabu waliopita. Ndivyo alivyofanya John Lamberth, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Temple, katika jimbo la New Jersey miaka ya 1990, wakati mawakili wa washtakiwa weusi walipodai kwamba askari wa doria wanawachagua wateja wao kwa rangi. Watu wake walikaa kando ya barabara kuu ya kulipia, wakahesabu magari zaidi ya 42,000 na kutazama rangi ya waliokuwamo. Kisha waliingia barabarani na gari lililoendeshwa kwa mwendo uliozidi kidogo kiwango cha sheria, wakiandika nani anawapita na nani anapitwa. Karibu kila dereva, mweusi kwa mweupe, alikuwa anazidisha mwendo, maana yake ni kwamba askari alikuwa na ruhusa ya kisheria ya kumsimamisha yeyote amtakaye. Magari yenye mtu mweusi ndani yalikuwa kama asilimia 13.5 ya magari yote, ilhali katika waliosimamishwa kwenye kipande kile weusi walikuwa kama asilimia 35. Mahakama iliukubali ushahidi huo mwaka 1996, na mwaka 1999 serikali ya jimbo yenyewe ikakiri kwamba tatizo lipo. Hata hivyo, hesabu ya namna hiyo hula watu, muda na fedha, na jibu lake ni la kipande kimoja cha barabara tu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Grogger na Greg Ridgeway, walichapisha njia isiyohitaji kumhesabu mpita njia hata mmoja. Walianza na jambo ambalo kila dereva wa usiku analijua: giza likishaingia, askari aliye kando ya barabara huona taa za gari na ni nadra kuona uso wa aliyekaa kwenye usukani. Kama anachagua kwa rangi, usiku uchaguzi wake utavurugika. Kwa hiyo, ikiwa sehemu ya weusi miongoni mwa wanaosimamishwa ni kubwa kwenye mwanga na inapungua gizani, basi rangi ya ngozi ilikuwa inazingatiwa pale ilipoonekana.

Mtihani wa taifa unaweza kutusaidia kuliona jambo hili. Mtahiniwa huandika namba badala ya jina, ili msahihishaji asijue karatasi iliyo mbele yake ni ya nani wala ametoka kwa watu gani. Sasa mchukulie msahihishaji mmoja aliyepewa mafungu mawili ya karatasi za watoto wa kiwango kilekile, fungu la kwanza lina majina na la pili lina namba peke yake. Kama watoto wenye majina ya upande fulani wa nchi wanaanguka kwenye fungu la kwanza, na wenzao wa upande uleule wanafanya vizuri kama wengine kwenye fungu la pili, hatuhitaji kusahihisha upya karatasi zote ili kujua kila mtoto alistahili alama ngapi. Watoto ni wa kiwango kimoja na msahihishaji ni yuleyule, na kilichobadilika ni jina kuonekana au kutoonekana. Giza ndilo fungu la namba. Sharti pekee ni kwamba mafungu yawe sawa kweli, yaani madereva waliopita gizani wafanane na waliopita kwenye mwanga.

Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu wanaoendesha saa nane mchana si wale wanaoendesha saa sita usiku. Ufumbuzi wa Grogger na Ridgeway ni kubaki kwenye saa ileile ya ukutani na kuacha msimu ubadilike. Mjini Oakland, California, mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwezi Juni huzama kama saa mbili na nusu usiku. Saa kumi na mbili na nusu jioni, basi, ni giza totoro Desemba na ni kweupe kabisa Juni, ingawa wanaoendesha saa hiyo ni watu walewale wanaotoka kazini na kurudi makwao. Tena sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele mwezi Machi na kuirudisha nyuma mwezi Novemba, kwa hiyo dereva aliyerudi nyumbani kukiwa na mwanga Jumatatu moja, Jumatatu inayofuata hurudi gizani kwa saa ileile, bila yeye wala askari kubadilisha tabia yoyote. Vipimo vya kulinganisha kwa haki ni adimu mno katika maisha ya watu, na hiki kimeletwa na mzunguko wa dunia na sheria ya saa. Dakika za utusitusi, kati ya jua kuzama na giza kushika, huondolewa katika hesabu, kwa kuwa hakuna ajuaye askari aliona nini wakati huo.

Matokeo ya kwanza yaliwashangaza wengi. Katika nusu ya pili ya mwaka 2003, asilimia 56 ya madereva waliosimamishwa na polisi wa Oakland walikuwa weusi, ilhali weusi walikuwa asilimia 35 tu ya wakazi. Kwa hesabu ya kijiweni, kesi imekwisha. Lakini kipimo cha giza hakikupata ushahidi wa maana kwamba rangi ndiyo iliyoamua nani asimamishwe. Mwaka 2020 timu ya Chuo Kikuu cha Stanford ilichapisha uchambuzi wa matukio karibu milioni 100 ya madereva kusimamishwa, yaliyokusanywa kutoka vikosi vya majimbo na miji mingi, na safari hii jibu likawa jingine: sehemu ya weusi miongoni mwa waliosimamishwa ilipungua giza lilipoingia, kama inavyotarajiwa pale ambapo rangi inafanya kazi.

Majibu yote mawili yanahitaji kushikwa kwa uangalifu. Penye taa za barabarani, giza si giza kamili. Askari anaweza kuchagua kwa aina ya gari au mtaa, vitu vinavyotambulika hata usiku, na kipimo kisimwone. Gari lenye taa mbovu husimamishwa zaidi usiku, na kama magari ya namna hiyo yako zaidi kwa maskini, ambao wengi wao ni weusi, ubaguzi wa mchana utafichika ndani ya taa za usiku. Halafu dereva anayejua kwamba anatazamwa kwa jicho baya huenda akaendesha kwa hadhari zaidi mchana, hivyo kipimo kikaonyesha ubaguzi mdogo kuliko uliopo.

Tena kipimo hiki kinahusu uamuzi mmoja tu, wa kumsimamisha mtu. Hakisemi neno juu ya kinachofuata dirisha likishashushwa. Katika mji uleule wa Oakland, watafiti walichambua maneno ya askari yaliyonaswa na kamera za kifuani katika matukio 981 ya Aprili 2014, wakakuta kwamba askari waliwazungumzia madereva weusi kwa heshima ndogo kuliko weupe, hata uzito wa kosa ulipozingatiwa.

Je, tungeweza kukitumia kipimo cha giza hapa kwetu, kwa mfano kujua kama trafiki wa Uyole wanayaandama malori ya Zambia na Kongo kuliko ya nyumbani, kama madereva wake wanavyolalamika? Jua la Mbeya halituruhusu. Hatusogezi saa, na mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo, kwa hiyo tofauti ya juu kabisa ni kama dakika 40. Utusitusi wetu huchukua kama dakika 20, nazo zinapoondolewa, kinachobaki ni dakika 20 hivi za kulinganishia, ambazo hazitoshi kukusanya madereva wa kutosha. Isitoshe, namba ya gari hung'aa ikimulikwa hata usiku wa manane, kwa hiyo giza haliifichi nchi ambako lori limetoka.

Kinachotufaa ni njia ya Lamberth: watu wawili wenye daftari kando ya barabara pale Uyole, mmoja anaandika kila gari linalopita na namba yake ni ya nchi gani, mwingine anaandika lililosimamishwa na kama liliandikiwa faini au liliachiwa, kwa saa zilezile na siku tofauti. Chumba kidogo cha habari cha Mbeya au Iringa kinaweza kuifanya kazi hiyo. Kumbukumbu za mahali askari walipopangwa zinaweza kuombwa kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na mwandishi akiwa nazo mkononi, anaweza kumuuliza kamanda zaidi ya idadi ya waliokamatwa. Amuulize askari walisimama wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na ni madereva wangapi waliosimamishwa kisha wakaruhusiwa kuondoka.