Umeme kidogo, mazoezi mengi: kurudisha maneno yaliyopotea kwa kiharusi

Mwonyeshe kikombe mtu ambaye kiharusi kimempiga upande wa kushoto wa ubongo. Anakijua. Anakishika, anaigiza kunywa. Mwombe akitaje: midomo inahangaika, “ki… kijiko… aa, siyo,” kisha machozi yanamlengalenga. Hali hii inaitwa afasia, na humpata takriban mtu 1 kati ya 3 wanaopata kiharusi. Nyumbani watu husema mzee kachanganyikiwa, wakaanza kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Wanamwonea. Anachotaka kusema anakijua. Neno lake ndilo halifikiki. Wapo wasioweza kuomba maji lakini sala waliyoizoea tangu utotoni wanaitiririsha, au wanahesabu moja hadi kumi bila kukwama.

Tiba yake ni mazoezi ya usemi na lugha, tena mengi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wagonjwa 156 waliokwisha kukaa na afasia kwa miezi 6 au zaidi, kundi ambalo wengi huwa wameshalikatia tamaa. Wiki 3 za mazoezi, saa 10 au zaidi kila wiki, ziliboresha mazungumzo yao ya kila siku. Ninaanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu wanaotujia siku hizi kutafuta tiba wanaulizia “mashine ya umeme” kabla hawajauliza mazoezi.

Mashine hiyo ipo. Ni kiboksi cha betri chenye nyaya mbili zinazoishia kwenye sifongo zilizolowa maji ya chumvi, zinazofungwa kichwani kwa mkanda. Umeme wake ni miliampea 1 hadi 2, kwa kama dakika 20. Mgonjwa yuko macho, anahisi mwasho kidogo kama sisimizi wanatembea kwenye ngozi. Umeme huo haulazimishi seli za ubongo kufanya kazi, unazifanya ziwe tayari zaidi kuitikia. Ndiyo maana mgonjwa hufanya mazoezi akiwa amefungwa sifongo. Ardhi ikinyeshewa jembe huzama kwa urahisi, ila mvua hailimi shamba.

Je, inasaidia? Timu ya Julius Fridriksson wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, ilichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 74 wenye afasia ya muda mrefu. Wote walifanya vipindi 15 vya mazoezi. Baadhi walipewa umeme wa kweli, wengine ule unaowashwa kidogo kisha ukazimwa bila wao kujua. Waliopata umeme wa kweli waliongeza wastani wa maneno 14 hivi katika kutaja picha. Wenzao, 8 hivi. Inatia moyo. Lakini lengo la jaribio lilikuwa kuona kama njia hii inastahili majaribio makubwa zaidi, si kutangaza dawa. Mwaka huohuo, Uholanzi, wagonjwa 58 waliokuwa katika miezi ya mwanzo baada ya kiharusi walipewa tiba ya aina hiyo, na umeme haukuongeza chochote juu ya mazoezi. Kwa hiyo mimi simwambii mgonjwa auze shamba kuifuata.

Iko pia njia ya sumaku: koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya kichwa na kutuma mapigo, mara nyingi kutuliza upande wa kulia wa ubongo ili wa kushoto, ulioumia, upate nafasi. Hiyo inaweza kuchochea degedege, kwa hiyo mwenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha kuendesha moyo lazima amwambie daktari mapema. Na tafadhali, asitokee mtu wa kuunganisha betri na nyaya nyumbani. Ubongo wenye kovu la kiharusi si mahali pa kujaribia.

Kinachoweza kuanza leo jioni ni hiki. Zima redio. Kaa mbele yake akuone mdomo. Uliza swali moja fupi, na uweke karibu karatasi, kalamu na picha za vitu vya nyumbani. Neno likigoma, usimtajie upesi. Hesabu kumi kimoyomoyo. Likikwama bado, mpe silabi ya kwanza tu, “ki…”, kisha unyamaze tena.