Stoo na banda lake uani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukimwita fundi akujengee stoo uani, na ubavuni mwake banda la wazi la kukaa jioni, maongezi mengi yatakuwa ya stoo: tofali ngapi, mlango wa chuma au wa mbao. Banda litatajwa mwishoni, "hilo ni nguzo nne na bati tu." Kauli hiyo inagharimu watu mapaa. Dar es Salaam na pwani yote, upande ulio wazi ndio unaotaka hesabu zaidi.

"Banda halina kuta, upepo unapita tu"

Haupiti tu. Unaingia chini ya paa na kulisukuma, na ule unaopita juu yake unalivuta kwenda hukohuko juu. Banda lililoshikana na stoo lina shida ya ziada: upepo unakutana na ukuta wa stoo, unakosa pa kutokea, na nguvu yake inaishia kwenye bati. Upepo wa kilomita 72 kwa saa una msukumo wa takriban kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 (geji ni namba ya unene wa bati) kwa eneo hilohilo lina uzito wa kama kilo 3. Kwa hiyo nguzo, pamoja na kubeba paa, zina kazi ya kulishikilia lisiondoke.

Ndiyo maana banda nalo linahitaji msingi. Shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 60, likijazwa zege lina uzito wa karibu kilo 230, na uzito huo ndio unaoishika nguzo. Juu, funga mbao za paa kwenye nguzo kwa mkanda wa chuma, maana msumari peke yake unachomoka. Misumari ya bati iwe ile iliyosokotwa, ipigwe mgongoni mwa wimbi la bati, kusikotuama maji. Asiyeona umuhimu wa haya akumbuke kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024.

"Geji kubwa, bati nene"

Kinyume chake. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Karibu na bahari, ambako chumvi inakula chuma, usikubali 32 kwa sababu ya bei.

"Nguzo ya mbao ikizikwa kwenye zege haiozi, na oili chafu inamaliza mchwa"

Mbao iliyozungukwa na zege inatunza maji pale inapokutana na uso wa ardhi, na hapo ndipo inapooza. Ni afadhali isimame juu ya kiatu cha chuma kilichozamishwa kwenye zege, iachwe sentimita kadhaa juu ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Hata njia za udongo za mchwa utaziona mapema, kabla hawajafika kwenye paa.

Oili chafu hukaa juujuu, mvua ikaisafisha, na metali nzito zilizomo zikaingia kwenye udongo wa bustani yako na kisima cha jirani. Nunua mbao za paini zilizotiwa dawa kiwandani, ambako mtambo huisukuma dawa hadi ndani. Fundi akikata ncha, ncha hiyo ipakwe dawa upya kabla ya kufungwa.

"Stoo na banda ni kitu kimoja, viungwe moja kwa moja"

Stoo ya tofali ni nzito, banda ni jepesi, na ardhi haititii sawasawa chini yake. Jamvi la banda limwagwe peke yake, liachiwe mwanya mdogo kando ya ukuta, na liinamie nje. Ukiliunganisha na msingi wa stoo, ufa utatokea hapohapo penye maungio. Paa la banda likiegemea ukuta, bati lililokunjwa lichimbiwe ndani ya ukuta. Kuziba kwa sementi tu hakuvuki masika mengi.

"Jengo dogo halihitaji kibali"

Mjini linahitaji. Stoo yenye msingi ni jengo, kwa hiyo anzia halmashauri. Na maji ya paa lako yasimwagikie kwa jirani.

"Banda lielekee popote penye nafasi"

Hapa ndipo ningependa mtu akae afikiri kuliko mahali pengine pote. Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali, kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Kusi huanza kuingia na mvua za masika, kutoka kusini. Banda linalotazama kaskazini mashariki, stoo ikiwa nyuma yake upande wa kusini, linapata upepo wakati wa joto na kukingwa na mvua ya kusi. Likigeuzwa, viti vinalowa Aprili, na msukumo ule wa upepo chini ya bati unakuwa mkubwa kuliko kote. Kama kiwanja hakikupi nafasi, ongeza urefu wa paa upande wa kusini na uzidishe mikanda ya chuma kwenye nguzo za mbele.