Eti mwenye nukuu nyingi ndio mtafiti bora? Tuiangalie vizuri hii namba

Siku hizi akitajwa mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza mtu anakimbilia Google Scholar, ule mtandao wa kutafuta makala za kitaalamu, anaona nukuu elfu arobaini, yaani kazi zake zimetajwa mara hizo kwenye makala za wengine, basi keshaamua huyu ndio kichwa na yule mwenye elfu mbili hana lolote. Mimi hili linaniuma kwa kweli, maana hawa ndio tunaowategemea mlipuko ukija, na tunawapima kwa kitu ambacho wengi wetu hatujui kinahesabiwaje.

Dhana ya kwanza, na ndio kubwa kuliko zote, ni kwamba kunukuliwa ni kusifiwa. Sio kweli, kunukuliwa ni kutajwa tu. Ile makala ya Andrew Wakefield ya 1998 kwenye jarida la Lancet, ya watoto 12, iliyodai chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji, jarida lenyewe liliifuta 2010, lakini imeshanukuliwa zaidi ya mara elfu moja na wengi walioinukuu walikuwa wanaipinga. Mfumo unaohesabu haujui kama umetajwa kwa wema au kwa ubaya, wenyewe unaongeza moja unaendelea, na makala ikifutwa zile nukuu zinabaki palepale.

Halafu kuna h-indeksi, watu wanaiongelea kama vile ni kipimo cha akili. Aliyeileta ni mwanafizikia, Jorge Hirsch, mwaka 2005, na hesabu yake ni nyepesi, unatafuta namba kubwa kabisa ambayo mtu ana makala idadi hiyo na kila moja imenukuliwa angalau mara hizo. Chukua mtafiti mwenye makala sita zilizonukuliwa mara 90, 40, 12, 6, 5 na 3. Unashuka nazo moja moja, ya tano ina nukuu 5 kwa hiyo inatosha, ya sita ina 3 tu haitoshi, basi h-indeksi yake ni 5. Sasa ile yenye 90 ifikishe 9,000, tuseme imebadilisha kabisa matibabu ya ugonjwa fulani, h-indeksi inabaki 5 vilevile! Na haishuki hata mtu akiacha utafiti miaka ishirini, kwa hiyo kumlinganisha kijana aliyemaliza PhD juzi na profesa wa miaka 60 ni kumuonea tu.

Wengine wanasema basi angalia jarida, akichapisha kwenye jarida kubwa kazi yake ni kubwa. Alama ya jarida (impact factor) ni wastani wa nukuu za mwaka mmoja kwa makala zote za miaka miwili iliyotangulia, haisemi chochote kuhusu makala moja. Alama ya Lancet ilitoka kama 79 ikaruka hadi zaidi ya 200 kwenye hesabu za 2021, na kilichoirusha ni Covid, kila mtu alikuwa anaandika kuhusu kirusi kimoja na wote wananukuu makala zilezile za mwanzo. Anayehangaika na mycetoma, ule ugonjwa wa uvimbe unaokula mguu, au sumu ya nyoka hawezi kupata wimbi kama hilo hata awe hodari vipi, wenzake wa kumnukuu ni wachache.

Na jamani, tuangalie pia jina limekaa wapi. Kwenye tiba kwa kawaida wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa, wa mwisho ndiye kiongozi wa timu, lakini zipo makala zenye majina mamia na kila mmoja anabeba nukuu zote nzima nzima.

Kinyume chake nacho kipo. Tu Youyou wa China alifanya kazi kwenye mradi wa siri wa malaria ulioanza 1967, dawa ikapatikana, na makala ya 1977 ikatoka kwa jina la kikundi, la kwake halipo. Nobel alikuja kupewa 2015, hana PhD wala digrii ya udaktari wa tiba.

Mwingine ninayemheshimu sana ni Jean-Jacques Muyembe wa Kongo. Yeye alikuwa kijiji cha Yambuku 1976, akawatoa damu wagonjwa kwa mikono mitupu, Ebola haijajulikana hata jina, na kwa miaka mingi dunia ikawa inataja wengine. 1995 kule Kikwit yeye na wenzake wakawapa wagonjwa 8 wa Ebola damu ya waliopona, wakapona 7. Wataalamu wengi walikuwa na mashaka kwa kuwa hakukuwa na kundi la kulinganisha, na hoja yao ilikuwa na msingi, ila hakuiacha njia hiyo. Kutoka kwa mtu mmoja aliyenusurika Kikwit ikapatikana kingamwili iliyotengenezwa kuwa dawa ya mAb114, ikajaribiwa Kongo kuanzia Novemba 2018, waliopewa hiyo walikufa kama 35 kwa kila 100, waliopewa ZMapp, dawa nyingine iliyolinganishwa nayo, karibu 50. Desemba 2020 Marekani ikaiidhinisha, miaka 25 baada ya Kikwit.