Ulutheri wa Dar es Salaam haukutoka Kilimanjaro

Wengi huamini kwamba Ulutheri wa Tanzania ulizaliwa Kilimanjaro na kwamba Usharika wa Azania Front, Dar es Salaam, ni tunda la Wachaga waliohamia mjini. Tarehe zinakataa. Johann Jakob Greiner, mmisionari wa chama kilichoanzishwa Berlin, alifika Dar es Salaam mwaka 1887, ilhali wamisionari wa chama cha Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893, miaka sita baadaye. Kazi ya Greiner ilivurugwa na vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilivyozuka 1888, lakini haikufa. Ilisonga hadi Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo, ambako watu waliokombolewa utumwani walikuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo, na hao ndio, kwa maoni yangu, wanaosahauliwa isivyo haki kila historia hii inaposimuliwa.

Jengo maarufu la kanisa la Azania Front, lenye vigae vyekundu, lilianza kujengwa mwaka 1898 na kukamilika 1902, kwa hiyo nalo lisichukuliwe kuwa mwanzo wa kazi hiyo. Kuundwa kwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963 kuliunganisha makanisa saba, kila moja likiwa na chimbuko lake.