Je, wajua kwa nini tiketi ya Guangzhou huonyesha saa nyingi kwenda kuliko kurudi?

Mfanyabiashara wa Dodoma anayefuata mzigo China hukutana na fumbo hili kwenye tiketi. Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam 16:00 na kutua Guangzhou 07:30 kesho yake: saa kumi na tano na nusu. Kurudi, inaondoka 10:00 na kutua Dar 16:30 siku hiyohiyo: saa sita na nusu tu. Njia ni ileile, sasa hizo saa tisa zimekwenda wapi?

Tiketi huandika saa za kila mji, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Ndege inapotua kule saa moja na nusu asubuhi, Dodoma ni saa nane na nusu usiku, watu wamelala. Toa saa tano kwenye kwenda, zinabaki kumi na nusu angani. Ziongeze kwenye kurudi, unapata kumi na moja na nusu.

Bado kuna saa moja, na hapo ndipo penye utamu. Wengi hudai ni kwa sababu dunia inazunguka. Sivyo. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na huku kwetu karibu na ikweta kasi yake inapita kilomita 1,600 kwa saa. Kama hewa isingezunguka nayo, helikopta ikielea juu ya Uwanja wa Jamhuri kwa saa moja ingejikuta iko Kongo! Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Kinachobadili muda ni upepo wa juu. Njia fupi kutoka Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700, ikikatiza Bahari ya Hindi, kusini mwa India na Ghuba ya Bengali. Dreamliner, yaani ndege aina ya Boeing 787, huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukiisukuma njia nzima, itamaliza kwa saa 9 na dakika 10. Ukiipinga, saa 10 na dakika 14, bila kuhesabu kupaa na kushuka.

Tena upepo huo una majira. Desemba hadi Februari, ule mkali unaotoka magharibi hupita kaskazini mwa India na kusini mwa China, ukiisaidia ndege inayokwenda. Lakini Juni hadi Septemba, mvua za monsuni zikiwa zimeshika India, upepo wa juu kusini mwa nchi hiyo huvuma kutoka mashariki, na nafuu ya kwenda hupungua.

Kwa hiyo ukipanga treni ya SGR ya kurudi Dodoma, usikate tiketi ya jioni ileile kwa kubana. Baada ya kutua kuna foleni ya pasipoti, kusubiri mabegi, na foleni za magari hadi stesheni.