Je, wajua kwa nini setilaiti hushuka yenyewe?

Msimu huu wa kiangazi, ukitoka nje mara baada ya magharibi hapa Dodoma, mbingu haina hata wingu. Subiri kidogo utaona nukta nyeupe ikikata anga, haimeti wala haina mlio. Hiyo ni setilaiti. Kwetu jua limeshazama, kwake bado linawaka. Watoto huuliza: kama huko juu hakuna hewa, mbona wanasema iko siku itaanguka?

Hewa ipo. Kilomita 250 juu ni nyembamba kuliko hii tunayovuta kwa zaidi ya mara bilioni moja, lakini setilaiti hukimbia karibu kilomita 8 kila sekunde. Aliyewahi kutoa mkono dirishani, basi likiwa limekolea mwendo barabara ya Singida, anajua hewa inavyosukuma. Kwa kasi ile hata hewa kiduchu inatosha: setilaiti inapunguzwa nguvu, inashuka, inakuta hewa nzito zaidi, inazidi kushuka hadi inaungua.

Kazi ni kuipima hewa hiyo. Puto za hali ya hewa hupasuka zikifika kilomita 30 na kitu. Waitaliano, wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio, wakaamua kuutumia msukumo wenyewe kama kipimo, na kazi hiyo wakaja kuifanyia kwa majirani zetu. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, roketi ya Scout iliirusha San Marco 2, tufe lenye kipenyo cha sentimita 66.

Ubunifu wake unanivutia mpaka leo. Nje kulikuwa na ganda jepesi, ndani kiini kizito, na katikati mikono inayonyumbuka. Hewa iligonga ganda tu, kiini haikukigusa. Ganda liliposogezwa, vyombo vilipima limesogea kiasi gani kutoka kwenye kiini, na nguvu ya hewa ikajulikana papo hapo, bila kungoja siku nyingi kuona mzingo, yaani njia yake ya kuizunguka dunia, umepungua kiasi gani.

Kwa nini Malindi? Ukirushia karibu na ikweta, setilaiti inaweza kuzunguka juu ya ikweta ileile, ikipita mchana na usiku katika kila mzunguko wa saa moja na nusu hivi. Mchana jua huipasha hewa ya juu ikavimba, usiku husinyaa. San Marco 2 haikupita utosini mwa Dodoma: mzingo wake haukuvuka nyuzi 3 kusini, nasi tuko 6.

Uvimbe huo una hasara zake. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, mtandao wake wa intaneti, zikaachiwa kwenye mzingo wa chini, kilomita 210 hivi. Dhoruba kutoka kwenye jua ikaipasha hewa, ikawa nzito kuliko ilivyotarajiwa, na setilaiti zipatazo 40 zikashindwa kupanda.